Risala ya Klabu ya Wanafunzi wa Usanifu Majengo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Majengo ya Ufilipino

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kutufungulia maonesho haya. Kila mwaka klabu yetu huchagua nchi moja, ikasoma majengo yake na kuyatengenezea modeli. Mwaka huu ni zamu ya Ufilipino. Wapo waliotuuliza kwa nini tusichukue Italia au Japani, zenye majina makubwa. Jibu letu ni jua na mvua. Zege la Manila linachomwa na jua kama letu, na kuta zake zinaota kuvu kwa unyevu kama zetu. Juu ya hayo wana tufani na matetemeko ya ardhi ambayo sisi Mungu ametupunguzia. Jengo lililodumu kule lina mengi ya kutuambia kuliko jengo lililochorwa kwa ajili ya theluji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukianzia mlangoni utakutana na bahay kubo, nyumba ya mianzi iliyoinuliwa juu ya nguzo na kuezekwa kwa majani ya mnipa. Upepo unapita chini ya sakafu, na mafuriko yakija nayo yanapita. Wahispania, waliotawala kwa zaidi ya miaka 300, walileta ujenzi wa mawe, lakini matetemeko yaliwanyoosha. Hapo ikazaliwa nyumba ya chini mawe, juu mbao, yenye madirisha mapana ya kusukuma pembeni. Vipande vya ganda la chaza la capiz, jembamba la kupitisha mwanga, vilikaa mahali pa vioo. Kwenye modeli yetu tumeweka karatasi ya kuchorea inayopitisha mwanga, kwa sababu ganda lenyewe hatukulipata. Washa tochi ya simu kwa nyuma, utaona mwanga wake.

Wamarekani walipoingia mwaka 1898 walikuja na majengo ya serikali yenye nguzo ndefu za Kirumi, na wakawapeleka vijana wa Kifilipino kusoma kwao. Mmoja alikuwa Tomás Mapúa, aliyesoma Chuo Kikuu cha Cornell, akawa Mfilipino wa kwanza kusajiliwa kuwa msanifu majengo, na mwaka 1925 akaanzisha chuo ambacho hadi leo kina jina lake. Mwingine ni Juan Arellano. Huyu alijenga kwa nguzo hizo za Kirumi alipotakiwa, lakini alipopewa ukumbi wa maonesho wa Metropolitan, uliofunguliwa Manila mwaka 1931, alipamba dari kwa maembe na ndizi. Tuliiona picha ile darasani tukacheka, kisha tukanyamaza tukiangalia. Mtu amefundishwa ugenini kwamba pambo la heshima ni jani la Kigiriki, anarudi nyumbani anaweka embe.

Pablo Antonio tungependa kumzungumzia zaidi ya muda tuliopewa. Aliachwa yatima akiwa mdogo, akasoma huku akifanya kazi. Majengo yake ya Chuo Kikuu cha Far Eastern, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1930, yana mistari minyoofu na hayana mapambo yasiyo na kazi. Yangali yanatumika. Alichora pia jumba la sinema la Ideal, ambalo lilibomolewa.

Mwaka 1945 vita vya kuikomboa Manila viliua raia wapatao 100,000 na kuacha sehemu kubwa ya jiji ikiwa kifusi. Mwaka uliofuata nchi ikapata uhuru. Yaani kizazi cha wasanifu waliofuata kilipewa taifa jipya na jiji lililovunjika kwa wakati mmoja, na zege ndilo lililokuwa jibu la karibu. Juan Nakpil alichora majengo ya Chuo Kikuu cha Ufilipino kule Diliman, jijini Quezon. Cesar Concio, Alfredo Luz, Carlos Arguelles na José María Zaragoza nao walikuwa kazini. Ofisi za miaka ya 1950 na 1960 zilivishwa mapazia ya zege na tofali za matundu mbele ya madirisha, ili jua libaki nje na hewa iingie. Tofali hizo tunazijua sote. Ziko kwenye shule tulizosoma.

Mheshimiwa, meza ya katikati ndiyo iliyotukesha. Ni kanisa la Holy Sacrifice pale Diliman, la mwaka 1955, kazi ya Leandro Locsin alipokuwa bado hajafika miaka 30. Locsin alikuwa akisomea muziki, akahamia usanifu. Michoro ya mwanzo aliifanya kwa ajili ya familia moja ya kisiwa cha Negros. Mteja akahama nchi, mradi ukafa, mpaka padri wa chuo, John Delaney, alipoona wazo lile na kulitaka kwa wanafunzi wake. Tunaomba unyanyue kuba la modeli kwa mikono miwili, halijagundishwa. Utaona nguzo 32 zimezunguka ukingoni, katikati hakuna hata moja. Altare iko katikati ya duara na watu wanaizunguka, jambo lililokuwa geni kwa wakati ule. Sasa tafuta ukuta. Hakuna. Kanisa liko wazi pande zote, upepo unaingia unapotaka. Juu ya altare kuna tundu la mwanga. Ganda la kuba ni jembamba kuliko mtu anavyodhani, na hesabu zake alizipiga mhandisi Alfredo Junio, jina tunalolitaja kwa makusudi kwa sababu wasanifu tuna tabia ya kuwasahau wahandisi.

Hoja ya klabu yetu iko hapo. Locsin hakuiga mianzi wala majani. Alichukua akili ya nyumba ya nguzo, yaani kuinua, kutia kivuli na kuacha hewa ipite, akaitekeleza kwa zege. Kwenye Kituo cha Utamaduni cha Ufilipino, kilichofunguliwa mwaka 1969 juu ya ardhi iliyofukiwa baharini, pande la zege limetokeza mita 12 bila nguzo chini yake, na ukuta umekwaruzwa ukaonesha magamba ya kombe yaliyosagwa ndani ya mchanganyiko.

Tulibishana sana kuhusu jengo hilo. Lilikuwa mradi wa Imelda Marcos, mke wa Rais Ferdinand Marcos, na baada ya Rais kutangaza utawala wa kijeshi mwaka 1972 majengo ya fahari yaliendelea kuota kandokando yake. Ukumbi mmoja ulijengwa kwa siku 77 ili uwahi mashindano ya urembo ya mwaka 1974. Haraka ya aina hiyo ilikuja kuua. Tarehe 17 Novemba 1981, kwenye Jumba la Filamu ambalo halikuwa kazi ya Locsin, jukwaa la ujenzi liliporomoka na vibarua wakafukiwa na zege bichi. Idadi yao inabishaniwa hadi leo. Nusu yetu walisema jengo la Locsin ni zuri kwa vyovyote, nusu wakasema hawawezi kulitazama bila kuuliza nani alilipa. Hatukuafikiana, na mwalimu wetu hakutulazimisha.

Francisco Mañosa alikwenda njia nyingine. Yeye alitaka mnazi wenyewe. Kasri lake la Minazi, lililojengwa kwa ajili ya ziara ya Papa Yohane Paulo II mwaka 1981, limetumia mbao za mnazi, makumbi na vifuu hadi kwenye taa. Papa hakulala humo; inasemekana aliona ni anasa kupita kiasi. Sisi tunadhani jengo lake la ofisi za San Miguel, la mwaka 1984, lenye sakafu zilizopangwa kwa ngazi kama matuta ya mpunga ya Ifugao na mimea ikining'inia, ni kazi bora zaidi.

Nchi ile huwapa wasanifu wake cheo cha Msanii wa Taifa. Nakpil alikipata mwaka 1973, Antonio 1976, Locsin 1990, Mañosa 2018. Heshima hiyo hatujawahi kuiona kwetu, na tunawaonea wivu. Lakini cheo hakizuii tingatinga. Hoteli ya InterContinental ya Locsin ilifungwa mwisho wa mwaka 2015, ikabomolewa. Mei 2023 moto uliteketeza Posta Kuu ya Manila ambayo Arellano na Mapúa walishiriki kuichora. Tulipoziona picha zile tulikumbuka Julai 2021, Soko la Kariakoo la Dar es Salaam, lililochorwa na Beda Amuli, lilipoungua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza, utusaidie kupata kibali cha kuingia na kupima majengo ya zege ya miaka ya 1960 na 1970 jijini mwetu, ili mwakani maonesho yawe ya kwetu. Ofisi moja tuliyoiandikia kuomba ramani za jengo lake ilitujibu kwamba ramani zimeliwa na mchwa. La pili ni chumba chenye mlango unaofungwa, kwa sababu modeli za mwaka jana zililowa mvua kwenye korido.

Mkasi uko mezani, na wenzetu wa mwaka wa pili wamesimama kila mmoja kwenye modeli yake tayari kwa maswali. Karibu ukate utepe.

Tunaomba kuwasilisha.