Rangi ya bure imeniponza

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo nimelikalia mwaka wa tatu sasa, na kila nikitoka asubuhi nikigeuka kuitazama nyumba yangu roho inaniuma.

Mi nakaa Kigamboni, nyumba iko barabarani kabisa, daladala zinapita mbele. Siku moja walikuja vijana watatu wamevaa fulana za kampuni moja ya sabuni ya unga, adabu mpaka basi, shikamoo mama, mama tumeona rangi imechoka, tunakupakia mbele yote na ubavuni, we hutoi hata mia. Na kweli ilikuwa imechoka, mara ya mwisho alipaka marehemu mume wangu. Bure nani anakataa? Nikawachemshia na mihogo. Kufika jioni nyumba mbele yote bluu ya kuwaka, kuna mkono mkubwa umeshika shati jeupe juu ya dirisha la sebuleni, na povu limetapakaa kutoka mlangoni hadi kona ya choo.

Basi toka siku hiyo jina langu limepotea. Bodaboda wote wa hapa stendi wananijua kama Mama Povu. Washenga walipokuja kumposa binti yangu wakapiga simu kuuliza mama tushuke wapi, mdogo wake akadakia simu akawaambia nyumba ya sabuni hamuwezi kupotea. Wale wazee wamekuja na kanzu zao wamekaa kibarazani chini ya lile povu, mi huku ndani nasikia aibu kama nimevuliwa nguo. Na kile kibao cha namba ya nyumba kilichobandikwa 2022 wakati wa anwani za makazi, kijana amekipitishia rola humohumo, namba haisomeki.

Najua kuna watakaosema huyu mama anatoa povu. Sawa, ndo jina langu.

Sasa kinachonikera zaidi ni kazi yenyewe. Huku kwetu visima vingi maji yana chumvi, na nyumba nyingi plasta imechanganywa kwa maji hayohayo na mchanga usiooshwa, kwa hiyo ukuta unatoa unga mweupe kila msimu wa mvua, ukiugusa unakuja mkononi kama chokaa. Ukuta wa namna hiyo ukipaka juujuu bila kukwangua umetupa rangi. Wale vijana hawakukwangua, hawakupiga msasa wala praima, ile rangi ya chini ya kushikisha, walichovya rola wakaanza. Masika ya kwanza ikavimba malengelenge, ya pili ikaanza kubanduka mabamba mabamba kama nyoka anavua gamba, na sasa shati jeupe lina matundu. Nikapiga ile namba waliyoniachia, haipatikani. Hakuna karatasi niliyosaini, hakuna muda uliotajwa, na mjinga ni mimi kwa sababu sikuuliza.

Fundi rangi wa mtaani nikamwita, kijana mkweli, akaniambia mama hiyo bluu ni kali, ukiweka krimu juu yake moja kwa moja itachungulia, inabidi kukwangua yote, kuipiga brashi ya waya ule unga uishe, kuuacha ukuta ukauke sawasawa wakati wa jua, halafu praima, halafu mikono miwili ya rangi ya nje. Nikapiga hesabu ya ndoo za lita 20 na ufundi wake, nikaona rangi ya bure ndo ghali kuliko zote nilizowahi kupaka.

Basi nafanya mwenyewe kidogo kidogo. Nimeanza na kibaraza, sementi ilikuwa imepasuka nikaziba, nikaikoroga sementi nyeusi juu ikang'aa. Kule chini ya ukuta mvua inaporusha udongo mwekundu nimepiga mkanda wa rangi ya mafuta ya kahawia, kama futi mbili hivi kutoka chini, kitu cha kizamani lakini hakishindwi, tope likiruka unafuta na kitambaa limeisha. Fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, iliyokuwa inaning'inia nimeigongea misumari. Makopo ya rangi matupu nimeyatoboa chini nikapanda asumini na mrehani, jioni anayepita anasikia harufu kabla hajaona hilo povu. Nashangaa pesa ndogo hivyo imebadilisha sura kuliko jirani yangu aliyejenga ukuta wa mamilioni wenye chupa juu, geti zito, halafu mbele ya geti mtaro umejaa mifuko, na ukutani kaandika kwa mkono NYUMBA HII HAIUZWI, herufi zinapanda mlima. Namwelewa matapeli wapo, ila angemwita basi hata mtu wa mabango amwandikie vizuri.

Mhariri, ninachoomba mimi ni hiki. Bango la barabarani linalipiwa, kila mtu anajua. Ukuta wangu umefanya kazi ya bango miaka mitatu na kodi ya jengo nakatwa mimi nikinunua umeme wa Luku. Kwa nini kampuni ikitaka uso wa nyumba ya mtu isilete karatasi kwa mwenyekiti wa mtaa, ikasema tunakaa miezi mingapi, tunamlipa mama shilingi ngapi, na tukiondoka tunakwangua na kuirudishia rangi yake? Madiwani wetu wako wapi kwenye hili, maana siko peke yangu, panda daladala uangalie mwenyewe utaona nyumba za watu zimegeuka makopo ya bidhaa na wenyewe hawana hata shilingi ya chumvi waliyopata.

Na wenzangu mnaofuatwa na vijana wa fulana, ulizeni kwanza watakwangua au wanapaka juujuu, na kibao chenu cha namba kingoeni kabla hawajaanza.

Mpaka naandika hapa nimefika usawa wa dirisha. Povu limeisha upande wa mlangoni. Mkono bado uko juu umeshika shati, ngazi ya jirani imevunjika na fundi kasema hawezi kupanda mpaka ipatikane nyingine.

Mama Povu,
Kigamboni, Dar es Salaam