Kunawa mikono tumenawa, mabomba je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimtaje Joseph Bazalgette. Vijana wa mtaani kwetu wakilisikia jina hilo huniuliza anachezea timu gani. Alikuwa mhandisi wa London, alizaliwa 1819 akafariki 1891, na kazi iliyompa heshima ni ya vinyesi.

Kipindupindu kilishaua maelfu huko na mjadala hauishi. Kiangazi cha 1858 mto Thames ukanuka mpaka bungeni, mapazia yakalowekwa dawa ya chokaa ili waheshimiwa waweze kukaa. Hapo ndipo sheria ya kuusafisha mto ikapita chapuchapu.

Bazalgette alijenga mifereji mikuu ya matofali chini ya ardhi, maili 82, kuyakinga maji taka kabla hayajaingia mtoni katikati ya mji. Mimi bwana afya mstaafu hunifurahisha umbo la matawi yake madogo. Chukua yai, lisimamishe, ncha nyembamba chini: matawi hayo yalipendekezwa hivyo. Maji yakiwa haba hubanwa pale chini, yakakimbia, uchafu usipate pa kutuama. Kule Crossness, kituo cha pampu, mashine za mvuke ziliyapandisha bwawani, yakafunguliwa maji ya mto yakianza kupwa.

Simpambi. Yalimwagwa mabichi, nje kidogo tu ya mji, alihamisha, hakusafisha. Tena aliamini ugonjwa huletwa na harufu! Lakini kipindupindu kiliporudi 1866, kilichinja zaidi London ya mashariki, ambako mfumo wake ulikuwa haujakamilika. Walikufa zaidi ya 5,000.

Nimehubiri kunawa mikono miaka 31, kwa vipaza sauti na kwa mabango, wala sijutii. Ila usiku wa mvua kubwa ya juzi, hapa Temeke, nilisikia mtalimbo ukigonga zege. Jirani anatapisha choo. Nikatoka na tochi; yale maji yalishapita kizingitini kwangu, yanaelekea kwenye meza ya mama muuza mihogo. Nikamfokea jirani.

"Shikamoo mzee," akasema, mtalimbo mkononi. "Gari la kunyonya haliingii uchochoro huu, unajua. Watoto wangu waende wapi?"

Nilikuwa na hotuba ya kipindupindu tayari mdomoni. Badala yake nikamwambia asubiri kidogo, niyatoe barazani madumu yangu ya maji ya kunywa.

Bwana afya mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam