Ndevu za Wagiriki

Mwanangu mpendwa,

Swali lako, kwa nini katika zile sanamu za miungu ya Wagiriki wa kale Zeus ana ndevu na Apollo hana, limenifurahisha, nami nakujibu kwa kirefu kidogo kwa sababu jambo hili nalipenda. Ni kweli, Zeus huchongwa na ndevu nzito na Apollo kidevu kitupu. Zeus, mfalme wa miungu, ni baba, Apollo mwanawe ni kijana daima, na Mgiriki aliwatofautisha kwa kutupa jicho tu. Lakini ukiishia hapo, kwamba ndevu zilikuwa alama ya utu uzima, utakuwa umeliacha lililo zito zaidi.

Kidevu cha mwanamume ndipo mnyonge aliposhika akiomba kuhurumiwa. Katika Iliad, utenzi wa Homer, Thetis, mungu wa kike wa bahari, anamwendea Zeus kumwombea mwanawe Achilles, shujaa wa Wagiriki katika vita vya Troy. Anaketi mbele yake, mkono wa kushoto ameyakumbatia magoti yake, wa kulia amemshika chini ya kidevu. Zeus ananyamaza kitambo kirefu. Mama yule hamwachii. Anamtaka akubali au akatae waziwazi. Mwishowe Zeus anaitikia kwa kichwa.

Mbele kidogo, usiku, jasusi wa Troy aitwaye Dolon anakamatwa na Diomedes na Odysseus, wapiganaji wa Wagiriki. Anatoa siri zote, kisha ananyoosha mkono akiguse kidevu cha Diomedes. Mkono haujafika, upanga umeshapita shingoni. Mimi naamini Diomedes aliwahi makusudi. Mkono ule ungefika, kuua kungekuwa kuzito.

Kwa hiyo kufuga ndevu kulikuwa pia kukubali kushikwa, na asiyestahili ndevu alionyeshwa hadharani. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, anasimulia kwamba huko Sparta, mji wa Wagiriki uliosifika kwa vita, aliyekimbia vitani alinyoa upande mmoja wa ndevu na kuufuga mwingine, akavaa joho lenye viraka, na yeyote aliyekutana naye aliweza kumpiga asirudishe. Hebu fikiria kupita sokoni na uso wa namna hiyo.

Akaja Alexander, mfalme wa Makedonia, karne ya 4 KK, akaamuru askari wake wa Makedonia wanyolewe kwa kuwa adui vitani hupata pa kushika. Tazama, mwanangu: pale pale aliposhika mwombaji ndipo sasa anaposhika muuaji. Alexander mwenyewe alinyoa, na nyuso laini zikaenea miongoni mwa Wagiriki.

Wanafalsafa wengi waliendelea kufuga, hata ndevu zikawa kama kitambulisho chao. Karne ya 2 BK mtu mmoja mwenye ndevu zilizokaribia kiuno alimwendea Herodes Atticus, tajiri wa Athens, akiomba pesa za mkate. Alipoulizwa yeye ni nani, alikasirika: si inaonekana kwamba ni mwanafalsafa? Herodes akajibu, "Naona ndevu na joho, mwanafalsafa bado simwoni." Kisha akaagiza apewe pesa za mkate wa siku 30, akisema wampe kwa sababu wao ni binadamu, si kwa sababu yule ni binadamu.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako