Risala ya Kikundi cha Bustani ya Miche, Winza, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kata na kijiji, wazee wetu, mabibi na mabwana: mbukwenyi!

Tunakushukuru kwa kukubali kuja huku machimboni kwa barabara ambayo umejionea mwenyewe.

Historia yetu ni fupi. Rubi za Winza zilipovuma mwaka 2008, maelfu ya watu walifurika hapa. Rubi zilipopungua wakaondoka, yakabaki mashimo na vifusi. Tuliobaki, wengi wetu akina mama, tukaunda kikundi cha kuotesha miche ya kupanda hapo. Mafanikio ni makubwa: tuna katiba, akaunti ya benki, na bustani ya migunga, mikwaju na milusina. Miche yetu imefika hata nyumbani kwa viongozi kadhaa waliopo hapa.

Mheshimiwa, changamoto yetu ni mbolea, na tunaomba utuvumilie tuieleze. Udongo wa juu wenye rutuba umefukiwa chini ya kifusi. Kilichobaki juu hakina mboji, hakishiki maji, na naitrojeni na fosforasi ni haba. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Mche usiposhusha mizizi katika miezi hiyo, kiangazi kinaumaliza.

Ndiyo maana hatuombi mbolea yoyote ile. Yurea peke yake hurefusha shina kuliko mizizi, na mche wa namna hiyo hauvuki Septemba. Mgunga na mlusina hujipatia naitrojeni kwa vinundu vya mizizini, lakini vinundu hivyo havikui vizuri pasipo fosforasi. Fosfeti inachimbwa Minjingu, mkoa jirani wa Manyara, na kiwanda cha mbolea kipo Nala, hapa hapa Dodoma. Samadi imejaa mazizini mwetu. Tumekosa gari la kuifikisha mashimoni.

Ombi hili si geni. Wageni rasmi waliokutangulia walilisikia wakiwa wamekaa hapo ulipokaa, wakaahidi, tukawapigia vigelegele. Barua za kukumbushia tumeziandika. Nakala zake Katibu atakukabidhi pamoja na risala hii. Hatulaumu, tunajua wakubwa mna mengi. Lakini viriba vya miche vimeshajazwa, na mvua haingoji kikao.

Tunaomba mifuko 20 ya mbolea ya fosfeti na lori la kubebea samadi, vitufikie kabla ya Desemba. Na kwa heshima zote, Mheshimiwa, utakaposimama kutujibu, tunaomba ututajie tarehe.

Tunaomba kuwasilisha.