Wito wa Harambee: Paa la Shule Yetu ya Kisiwani Kabla ya Msimu wa Vimbunga

Wazee wetu, ndugu zetu na watoto wetu mlioko Tanga mjini, Pangani, Muheza, Dar es Salaam na kwingineko, assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na kwenu ndugu zetu Wakristo, ambao hamjawahi kutuacha katika shughuli yoyote ya kisiwa hiki, Tumsifu Yesu Kristo.

Tunawaandikia huku tukiona haya, kwa kuwa si mara ya kwanza kuwanyooshea mkono, na mtu aliyepewa jana huona uzito kubisha hodi tena leo. Kuta za shule hii mlizijenga ninyi. Kina mama wa mwani walitoa mavuno ya bamvua mbili nzima, yaani vipindi viwili vya maji makubwa, watu wa Ngamiani mjini Tanga wakaleta saruji, na manahodha wakavusha kokoto na mchanga bila kudai nauli wala posho. Kuta hizo zimesimama hadi leo na hazina ufa. Tunachowaletea sasa ni habari ya paa.

Usiku mmoja wa masika ya mwaka huu, baada ya Isha, upepo uligeuka ghafla ukaanza kuvuma kutoka baharini, na wale tunaokaa katika nyumba za makuti tukafanya kama tunavyofanya siku zote: baba akaenda kuivuta ngalawa juu ya magogo hadi kwenye mikoko, babu akakaza makuti ya upenuni kwa kamba ya usumba, mama akaanua mwani kutoka kwenye chanja, akajaza madumu, akawafunga watoto khanga vichwani, na familia baada ya familia ikashika njia ya kwenda shuleni, kwa sababu hilo ndilo jengo la pekee la mawe katika kisiwa chetu chenye kaya 41. Bibi mmoja alikuja na jiko lake la mkaa likiwa bado na moto, amelifunika kwa sinia, akisema kwamba uji wa mjukuu wake haungoji kupambazuke. Tulitandika majamvi, kila ukoo mahali pake palipozoeleka, tukafunga madirisha.

Mwalimu wetu amechora duara kwa chaki kwenye sakafu, kumi na moja kwa jumla, kila moja chini ya tundu la bati, na watoto wanajua sufuria la nani linakaa duara lipi. Usiku ule maduara hayakutosha. Maji yalishuka kwenye maungio yote, na baada ya muda tukasikia upande wa baharini bati likigonga papi, yaani mbao linapopigiliwa, likapiga mara tatu au nne kama mtu anayebisha mlango, kisha likang'oka. Likafuatwa na jingine. Hadi kufika alfajiri yalikuwa yameondoka mabati saba, na watu wote, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wamebanana katika chumba cha pili, wanawake wamesimama na watoto mabegani kwa kuwa sakafu ilikuwa na maji ya vifundoni. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Asubuhi tuliokota bati moja limekunjwa kama karatasi juu ya mkoko, na mengine hatujayaona mpaka leo.

Tulipolichunguza bati lile tulielewa jambo ambalo tulipaswa kuliona mapema. Misumari haikuvunjika. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula bati pembeni mwa kila msumari, mpira wa kofia ya msumari umeoza, na tundu lililokuwa jembamba limepanuka hadi kidole cha mtoto kinapita. Bati likishalegea hivyo, upepo unaopita juu ya paa hulivuta kuelekea juu, na upepo ulioingia kwa dirishani hulisukuma kutoka ndani, kwa hiyo paa hubebwa na nguvu mbili kwa wakati mmoja, na pembe na kingo ndizo zinazotangulia. Kenchi zetu, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, nazo zimekaa tu juu ya ukuta kwa misumari, bila mkanda wa zege wala chuma cha kuzifunga. Haya tunayasema waziwazi kwa sababu kosa lilikuwa letu: fedha zilipopungua, tuliona bora tuezeke upesi watoto waanze masomo, na sehemu ya kufungia kenchi tukaiahirisha.

Wapo wenzetu wa mjini wanaotuambia kwamba vimbunga ni habari za Msumbiji na Madagaska, Tanga haviji. Ni kweli kwamba sisi tuko kiasi cha nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na huku nguvu ya mzunguko wa dunia inayokizungusha kimbunga ni ndogo, kwa hiyo vingi hupinda vikaelekea kusini. Lakini pwani hii haijasamehewa moja kwa moja. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha mikarafuu na kuzamisha majahazi, na Bagamoyo kikaharibu majengo ya misheni. Lindi walikipata chao Aprili 1952. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilielekea huku kwetu kikafifia kabla ya kutua. Na Mei 2024, wengi wenu mnakumbuka, Hidaya kilifika hadi Mafia tarehe 4, baada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kuwatangazia watu wa pwani kwa siku kadhaa, na boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimama. Siku zile sisi tulilala katika darasa hili usiku mbili mfululizo, redio iko dirishani, ngalawa zote ziko juu, hakuna kitoweo, watoto wanakula muhogo kwa chai ya rangi. Hidaya alipungua nguvu, nasi tukamshukuru Mungu kwa jambo hilo. Mwaka huu ulikuwa upepo wa masika tu, hata jina haukupewa, na umetufanyia haya mliyoyasoma.

Msimu wa vimbunga katika bahari yetu huanza Novemba na kwa kawaida hukoma Aprili, na Hidaya imetufundisha kwamba hata Mei si salama. Kwa sasa kusi, upepo wa kutoka kusini, bado ni kali na mashua haiwezi kubeba mbao za kenchi bila kuzihatarisha. Zitapita siku za maleleji, bahari ikiwa imetulia, kabla kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, haijaanza, na hizo ndizo siku zetu pekee za kuvusha vifaa na kuezeka. Tukizikosa, wanafunzi 96 wataingia vuli wakiwa chini ya turubai, na familia 41 hazitakuwa na pa kukimbilia.

Iko sababu nyingine ambayo watu wa bara huenda wasiifikirie. Kisima chetu kina maji ya chumvi, yanafaa kufulia na kuoshea vyombo, hayanyweki. Maji ya kunywa tunayakinga kutoka kwenye paa hilo hilo la shule, na wakati wa kiangazi tunayanunua bara na kuyavusha kwa madumu ya lita 20, na bahari ikichafuka siku tatu, mama anaanza kupima maji kwa kikombe. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 200 huteremsha lita 10,000, ambazo ni madumu 500. Leo maji hayo yanashuka yakiwa mekundu kwa kutu, na mengi yanamwagika chini kwa sababu mifereji ilikwenda pamoja na mabati. Mtoto anayekosa shule kisiwani kwetu mara nyingi haumwi wala hatoroki. Yuko kwenye mashua na dada yake, wamefuata maji.

Fundi tuliyemleta kutoka mjini amepima na kushauri paa lenye miteremko minne badala ya miwili, kwa kuwa upepo haupati ukuta wa pembeni wa kusukuma, na mkanda wa zege juu ya kuta zote wenye vyuma vya kufungia kila kenchi. Hesabu yake ni hii: mabati 110 ya geji 28 kwa shilingi 36,000 kila moja, ambayo ni 3,960,000, mbao zilizotiwa dawa 2,400,000, misumari, vyuma na mikanda ya kufungia 640,000, saruji mifuko 30, shilingi 510,000, nondo 700,000, kuvusha vifaa 450,000, ufundi 1,500,000, matangi mawili ya lita 5,000 kila moja, 1,800,000, na mifereji 420,000. Jumla ni shilingi 12,380,000. Sisi wenyewe kisiwani tumekwisha kukusanya 3,145,000, nyingi ya fedha hizo zikiwa za pweza na mwani, na nguvu kazi yote isiyo ya kitaalamu tutaitoa bure. Zinazobaki ni 9,235,000.

Kila shilingi itaandikiwa stakabadhi. Daftari la mapato na matumizi litabandikwa kwenye ubao wa shule na nakala yake msikitini kila Ijumaa, na wakaguzi wawili wasiokuwa wanakamati watapitia hesabu mwisho wa kazi. Asiyeweza kutoa fedha atoe bati, na asiyeweza bati zima ashirikiane na wenzake watatu. Msumari mmoja nao tutaupokea kwa mikono miwili.

Kwa wale waliozaliwa hapa tunaomba ruhusa ya kusema kidogo zaidi. Mnapokuja Idd mnakuja na nguo nzuri, mnatupigia hadithi za nyumba zenu za vigae, nasi tunafurahi kwa dhati kwa kuwa ninyi ndio fahari yetu. Wengi wenu mlijifunza kusoma chini ya mwembe ule ulio nyuma ya shule, na wazee waliowafundisha walikuwa wakilipwa samaki. Baadhi yao wametangulia mbele ya haki. Mtume, rehema na amani zimfikie, ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, na la kwanza katika hayo ni sadaka yenye kuendelea. Anayetaka kutoa bati kwa nia ya mzazi wake au mwalimu wake aliyefariki atuambie jina, tutaliandika katika daftari na kulisomea dua siku ya kupandisha kenchi. Orodha ya waliochangia kuta bado tunayo. Tumeisoma juzi kwa sauti katika kikao, na tumeona kwamba yapo majina ya watu wenye hali ya chini kabisa, na yapo majina tuliyoyatarajia ambayo hayamo. Mlango haujafungwa.

Harambee itafanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Septemba, hapa kisiwani, katika uwanja wa shule, kuanzia saa nne asubuhi. Wageni watapikiwa wali wa nazi na pweza. Wasioweza kufika wakabidhi michango yao kwa wajumbe wa kamati walio katika mitaa yao au wamtumie mweka hazina kwa simu kabla ya siku hiyo, na wadai stakabadhi bila kuona aibu. Mashua mbili zitawachukua wageni kutoka bara maji yakiwa yanajaa, na zitawarudisha kabla ya Alasiri. Watakaokuja na watoto wadogo wawabebee maji ya kunywa.

Wenu katika kuomba,
Kamati ya Ujenzi wa Paa la Shule, kisiwani, Mkoa wa Tanga.