Kifurushi chako na uso wangu

Mombasa, mwezi wa Machi

Shoga yangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, ni joto tu. Kaskazi inamalizia siku zake, na tangu juzi hakuna upepo hata wa kutikisa pazia. Kifurushi cha vipodozi ulichonitumia kaka yako alinifikishia, chupa zote salama, ila kopo la poda lilifunguka njiani likavipaka vyote. Nilivipangusa kimoja kimoja kama mayai.

Kwanza nikucheke. Kwenye kikaratasi umeandika "vya majira ya kuchipua". Mama akaniuliza ni majira gani hayo, nikafungua kamusi, nikamwambia ni masika. Akachungulia dirishani, jua linachoma mabati, akasema, "Basi vifungie mpaka mvua ianze." Wala hakuwa akitania.

Nakuelewa lakini. Nyinyi mmetoka kwenye baridi, ngozi zimekauka kwa mahita ya ndani, sasa mnavua makoti na mnataka uso mwepesi wenye rangi za maua. Sisi hatujatoka popote. Machi ndiyo jua linapita utosini hasa, maana tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Kile kipimo cha mionzi ya jua unachokitazama kwenye simu, kwenu mwezi huu kikigusa 3 ni kikubwa. Huku adhuhuri kinapita 11. Chupa ni ileile, jua silo.

Na hapo ndipo nilipoungua. Ile retinoli, dawa ya kulainisha ngozi, uliniandikia vizuri kabisa: usiku, mara mbili kwa wiki. Mie nikajiambia, kama mara mbili inafaa, kila usiku si itafaa zaidi? Siku ya tano pembe za pua zikaanza kubanduka vigamba vyembamba kama ganda la kitunguu. Saa saba mchana nikapanda feri ya Likoni, nimesimama pale juani, jasho likateremka kutoka kwenye mtandio mpaka mashavuni, na kila lilipopita ni kama umekamulia ndimu kwenye kidonda. Mama mmoja aliyebeba kapu la maembe akanitazama weee, kisha akanong'ona, "Mwanangu, umejichubua?"

Wallahi hilo liliniuma kuliko jasho. Unajua ninavyozichukia zile krimu za kujichubua za kupimiwa kwenye vikopo visivyo na jina. Zebaki na hidrokwinoni zinazotiwa humo zimepigwa marufuku nchini, na bado ukimjua muuzaji hukosi. Halafu mie ndiye nionekane nimetumia! Nilikaa siku kumi sipaki kitu ila mafuta ya mgando usiku. Binti ya mama mdogo, yule anayeremba maharusi, ndiye aliyenieleza: retinoli inaiharakisha ngozi kujivua, ile changa inatoka juu haijazoea kitu, nawe unaipeleka kwenye jua la feri. Sasa napaka Jumapili na Jumatano tu, kiasi cha punje ya mbaazi uso mzima, na asubuhi losheni ya jua lazima.

Losheni ya jua nayo ina kisa chake. Ulinitumia mbili. Ile ya zinki, nzito, nilijipaka siku ya kupamba mpwa wangu, juu yake nikaweka ile faundesheni yako. Nyumbani, kwenye kioo, chini ya taa ya manjano, nilikuwa nimependeza, usinibishie. Ukumbini feni zinazunguka hewa ya moto, buibui zimevuliwa, dhahabu zinang'aa, picha zinapigwa. Baadaye nikaletewa simu nijitazame. Uso mweupe wa kijivujivu kama nimeangukia gunia la unga wa mahamri, shingo ni yangu ya kila siku. Zinki inarudisha mwanga wa kamera. Na faundesheni yenyewe ina uwaridi ndani yake, ilhali mie chini ya weusi wangu nina umanjano. Binti ya mama mdogo akanivuta chooni, akanifuta, akachanganya tone la rangi yake iliyokoza na tone la yako mgongoni mwa mkono, akanipaka upya kwa kidole. Nikatoka binadamu.

Kwa hiyo safari nyingine usikisie rangi yangu kwa kukumbuka. Tulipokuwa wasichana hata cha kukisia hakikuwapo, ukifika dukani rangi ni tatu na zote za watu wengine. Fenty Beauty, wale wa vipodozi, walipotoka na rangi 40 za faundesheni mwaka 2017, wengine nao wakaona haya wakaongeza, na tangu 2022 wanauza hata Kenya. Nitakwenda mwenyewe nijaribu kwenye taya, nitoke nje nijitazame kwenye mwanga wa mchana, ndipo nikutumie namba.

Ile losheni ya pili, ya majimaji isiyoacha weupe, hiyo nakuombea dua. Haishuki machoni na jasho, na chini ya poda haijikunji. Tabu yangu ni udhu. Wenzangu wa dukani wasiosali huambiwa wapake upya kila baada ya saa mbili; mie nikitawadha adhuhuri imeshakwenda na maji, alasiri tena. Basi naiweka kwenye mkoba, nikishasali napaka upya, nakamua mistari miwili juu ya vidole viwili, na miguu pia, maana ndala zimenichora. Halafu usihangaike kununua ile ya SPF 50, yaani kiwango cha kinga ya jua, ya bei mbaya. Ya 30 inazuia kama asilimia 97 ya mionzi inayounguza, ya 50 asilimia 98. Hiyo asilimia moja nitumie kwa sabuni.

Vitamini C ya kupaka usoni niliiharibu. Niliiacha kwenye meza ya kioo karibu na dirisha, wiki mbili tu imegeuka rangi ya chai ya mkandaa. Haipendi mwanga, joto wala hewa, yaani haiipendi Mombasa. Ile chupa ya pili iko kwenye friji, ubavuni mwa juisi ya ukwaju, na mama nishamwonya mara mbili.

Rangi za mashavu: ile ya pichi kwangu haionekani kabisa, nimempa jirani mweupe. Ile ya zambarau zilizoiva, ya krimu, siiachi. Naigusa kwa kidole mashavuni, kinachobaki napaka mdomoni, nimemaliza.

Anayerudi huko Jumamosi nimempa kipande cha liwa na chupa ya marashi. Mama alitaka aongeze na jiwe la kusagia, nikamwambia uwanja wa ndege watalipima kama mtu. Utatafuta huko kitu cha kusugulia, hata kitako cha bakuli la udongo. Ukipaka usiku ulale na shuka ya zamani, usije ukanilaumu.

Mama anakusalimu sana. Anauliza hayo masika yenu yasiyo na mvua, mnapanda nini?

Shoga yako,
wa Likoni