Mikoko ihesabiwe ikiwa hai

Mhariri,

Kila msimu wa mvua magazeti huchapa picha za watu waliozama topeni hadi magotini wakipanda mikoko, na chini yake idadi ya miche. Mwaka ukipita, ni nadra kusoma iliyobaki ni mingapi. Vifaa vya kujibu swali hilo vipo, ila kila kimoja kina kazi yake, na kuvichanganya ndiko kunakotupotosha.

Picha za setilaiti ya Sentinel-2 ni za bure na huja kila baada ya siku 5, lakini nukta yake moja hufunika mita 10 kwa 10. Ukipanda kwa nafasi ya mita moja, miche 100 imo ndani ya nukta hiyo, nayo ni majani machache juu ya tope tupu. Setilaiti haiioni. Ubaya ni kwamba maji yakipwa tope nalo huota utando wa kijani, kompyuta ikauhesabu kuwa majani, na shamba lililokufa likatokea kwenye ramani kana kwamba limestawi.

Kuna pia suala la maji. Setilaiti hiyo hupita pwani yetu mnamo saa nne na nusu asubuhi. Mvuvi yeyote anajua kuwa siku za bamvua, bahari inapopwa na kujaa sana, maji huwa yamekupwa karibu na saa hiyo, na siku za maji mafu, inapopwa na kujaa kidogo, yanakaribia kujaa. Anayelinganisha picha ya bamvua na ya maji mafu anapima bahari, hapimi miti. Zitumike za bamvua tu, za mwezi ule ule kila mwaka. Januari na Februari ndizo zenye mawingu machache.

Miaka mitatu ya mwanzo ni ya droni, au ndege nyuki kama wanavyoiita wenzetu wa Tanzania, kwa kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Ikirushwa mita 40 hadi 60 kwa kamera ya megapikseli 20, nukta moja huwa kati ya sentimita 1 na 2, na mche wenye majani manne huonekana. Picha zipandane asilimia 80 kwa mbele na 70 ubavuni, kwani tope hufanana kila mahali na programu ikikosa pa kuziunganisha hutoa ramani yenye matobo. Alama nyeupe zisizopungua 5 zifungwe kwenye vigingi, zisichukuliwe na maji, na zipimwe kwa GPS yenye usahihi wa sentimita; ya simu hukosea mita kadhaa, na mwakani hutajua mche upi ni upi. Wakati mzuri ni siku ya bamvua, saa tatu hadi saa nne na nusu: maji yametoka, na jua halijafika utosini likafanya madimbwi yang'ae. Kusi ikivuma kwa nguvu, kazi iahirishwe.

Picha hizo hizo hutoa kimo cha ardhi, na hapo ndipo chanzo cha vifo vingi kilipo. Mkoko uliopandwa mbele ya mililana, aina ya mikoko inayoota karibu zaidi na bahari, hukaa majini kupita kiasi na kufa.

Bado mtu lazima aingie topeni, ahesabu kwenye vipande vya mita 10 kwa 10 na kuangalia kama shina limekatwa na kaa au limefukiwa. Katika hori (mkono wa bahari) ya Mwache, Mombasa, mikoko ilikufa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Picha za setilaiti ya Landsat huonyesha pale miti ilipotoweka. Kwamba udongo ulifukia mizizi, hilo hujulikana kwa kuchimba.

Gazi, Kwale, hekta 117 za mikoko zimeingizwa katika biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na miti, tangu 2013. Hapo hesabu ni pesa ya kijiji.

Naomba basi, Mhariri, kila habari ya upandaji ichapwe pamoja na mahali halisi, aina ya mti, na idadi iliyo hai baada ya miezi 12 na 36. Wahusika wakikosa takwimu hizo, gazeti liandike kuwa hawana.

Msomaji,
Msambweni, Kwale